Za, bi-bu-za, bi-bu-za

Alhamisi, saa nne usiku

Nimerudi mazoezini na vumbi la Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye nyusi. Chakula kimepoa. Naandika kwanza, maana nikilala na hili kichwani kesho litakuwa limeondoka.

Tuna wimbo mpya, ameutunga mwalimu wetu wa kwaya mwenyewe. Ukurasa wa pili kuna mahali ambapo sisi mateno, wanaume wa sauti ya juu (tuko wanne na nusu, nusu ni yule kijana anayekuja akijisikia) tunabaki peke yetu na maneno "twakushukuru ee Baba". Mpaka hapo tumekuwa tukienda nota mbili kwa kila pigo, raha mustarehe. Ghafla pigo moja linabeba nota tatu: ku-ru-ee. Hapo ndipo tunapoanguka, na leo ni wiki ya tatu. Badala ya kuzigawa sawasawa, mbili za kwanza tunazifyatua halafu ya tatu tunaikalia, kuru-eeee, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Waalto wanacheka, na wana haki.

Nitetee kidogo upande wetu. Karatasi tunazosomea ni fotokopi ya fotokopi. Kwenye solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi (d, r, m), uhai wote uko kwenye alama ndogondogo: nukta pacha hutenganisha mapigo, nukta moja hulikata pigo nusu kwa nusu, mkato huikata ile nusu tena ziwe robo, na mkato uliogeuzwa ndio unaosema hapa ni theluthi. Sasa mkato huo ukishapita kwenye mashine mara nne unarudi kuwa mkato wa kawaida, au hauonekani kabisa. Nakala yangu ina doa ambalo nimeliimba wiki mbili kwa uaminifu mkubwa.

Leo mwalimu akatuambia tuweke karatasi chini. "Kaka zangu," akasema, "macho yenu yanajua. Mdomo ndio haujui." (Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, lakini amelelewa.) Akatuanzishia. Pigo zima, taa. Nusu mbili, ta-te. Robo nne, ta-fa-te-fe. Theluthi, ta-te-ti. Yeye anapiga meza kwa kiganja, haongezi wala hapunguzi, sisi tunasema. Mimi ni mhasibu, nina mvi, na nimesimama mbele ya masoprano wa miaka kumi na tisa nasema tafatefe. Dakika tano za kwanza nilitamani ardhi inimeze. Dakika ya sita nikasahau, kwa sababu kitu kilikuwa kinatokea: niliposema ta-te-ti sikuwa nahesabu. Ulimi ulikuwa unafika mahali kabla yangu.

Nimesoma kidogo kwenye simu nikiwa kwenye bajaji. Silabi hizi zinatoka Ufaransa, kwa Aimé Paris, karne ya 19. John Curwen akazichukua Uingereza akaziweka ndani ya solfa, na solfa ikatufikia huku pamoja na wamisionari na vitabu vyao vya nyimbo. Kwa hiyo nimeimba kwaya miaka ishirini na nikaujua mfumo nusu tu, upande wa macho. Hungaria, kwenye mafunzo yanayobeba jina la Zoltán Kodály, wana ta na ti-ti. India ya kusini wana sanaa nzima ya kutamka midundo, konnakol, ambako nne ni ta-ka-di-mi na tatu ni ta-ki-ta, na mwanafunzi wa ngoma husema kwa mdomo kile ambacho mikono itapiga. Wamarekani watatu mwaka 1996 wakaazima hizo nne wakatengeneza mfumo wa darasani: mwanzo wa pigo daima ni ta, na pigo likigawanywa kwa mbili au nne, katikati yake daima ni di. Huo nimeupenda kuliko ule wa Hungaria. Ti-ti inaniambia nota ina urefu gani. Di inaniambia nimesimama wapi, na anayepotea kila mara anahitaji hiyo ya pili.

Lakini mazoezi yalikwisha vibaya. Mwalimu aliporudisha maneno, tukarudi palepale. Ta-te-ti safi, ku-ru-eeee.

Nyumbani nikamkuta binti yangu hajalala, anakula zabibu za Majengo kutoka kwenye mfuko. Nikamweleza tatizo kana kwamba ana miaka arobaini, naye ana tisa. Akasema, "Baba, si useme tu neno." Nimeona kweli mtandaoni walimu wa muziki wanaofundisha kwa Kiingereza wakitumia majina ya matunda badala ya ta-te. Basi tukajaribu. Kwa mbili, kazi rahisi: maji, chai, uji, nyama. Kwa nne, maharage, imekaa kama imezaliwa hapo. Kwa tatu tukaanza na nanasi. Haikukubali. Embe ni mbili. Zabibu, haikukubali.

Ilinichukua muda kuona sababu, na iko mdomoni mwetu siku zote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana baraBAra ni ya magari na baRAbara ni ya kumpongeza fundi. Lile la pili linavunja sheria na masikio yanashtuka. Neno la silabi mbili mkazo wake uko mwanzoni, basi unaangukia pigo. La silabi nne lina kauzito kadogo mwanzoni kanakolibeba. Lakini la silabi tatu lina mkazo katikati, za-BI-bu, na pigo linataka mkazo mbele. Kihungari hukaza silabi ya kwanza ya kila neno, kwa hiyo neno lolote la silabi tatu kwao linaingia bila kusukumwa. Sisi tunasukuma.

Binti hakusubiri hotuba yangu. Alikuwa amelirudia zabibu haraka haraka huku akigonga meza, mara akaangua kicheko: "Baba, limegeuka! Ni bibuza!" Msikilize mtoto. Za ya kwanza ilikuwa imetangulia pigo, na kuanzia hapo kila pigo likaangukia bi. Za, BI-bu-za, BI-bu-za, BI-bu-za. Theluthi tatu, sawasawa kama zimepimwa kwa mizani.

Nikakumbuka kinu cha bibi kule Mvumi. Wakitwanga wawili, mchi huu juu, ule chini, hizo ni nusu. Wakija watatu hakuna anayehesabu; wa tatu anaingia mchi wa pili unapoanza kupanda. Na anayechelewesha wake, kama sisi mateno tunavyoikalia ile ee, mchi unagonga mchi na bibi anatoa macho.

Halafu ndipo nikaona jambo ambalo limeniweka macho mpaka saa hii. Shukuru ni zabibu. Shu inatangulia, KU inaangukia pigo: shu, KU-ru-ee. Mwalimu hakukosea hata chembe alipolitunga. Aliyekosea ni ee, au tuseme sisi kwenye ee, kwa sababu ee ya kumwita mtu tumezoea kuivuta. Ukimwita Mungu huwezi kumwita kwa kifupi. Ila hapa ametupa theluthi moja tu ya pigo kumwita, kisha Baba anaingia.

Jumamosi

Tumefanya. Niliwaomba wenzangu waseme zabibu mara nane kabla ya kuimba. Yule nusu akauliza kama nimelipwa na wakulima wa zabibu wa Hombolo. Mwalimu alinitazama kwa muda, akasema, "Kaka, semeni chochote mkitakacho, mradi msikitamke Jumapili." Mara ya kwanza tukapita. Mara ya pili mmoja wetu akaimba bibuza kwa sauti kamili, mbele ya wote, na sitasema ni nani kwa kuwa ni mimi.

Jioni hii nimechukua kalamu nyekundu nikairudisha mikato iliyogeuzwa kwenye nakala zetu zote tano. Lile doa nimelizungushia duara, lisije likaimbwa tena.