Mtambo wa kilowati 5 uliodai kutoa 14

Namba 14.2 ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa Moroto, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nikikadiria umeme wa upepo kwa kituo cha afya chenye friji ya chanjo na pampu ya maji. Jedwali langu la Eksel lilisema upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, mtambo wa kilowati 5 utatoa 14.2. Nilirudia hesabu mara tatu: nusu ya msongamano wa hewa, mara eneo linalofagiwa na mapanga yenye kipenyo cha mita 5, mara kasi ya upepo kwa kipeo cha 3, mara ufanisi wa 0.35. Jibu halikubadilika.

Nikampigia simu fundi mmoja mzee aliyeko Kampala. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, hapo umepima upepo. Jenereta umeiweka wapi?"

Kweli sikuwa nimeiweka. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huongezeka mara 8, lakini jenereta ina kikomo. Mtambo ule hufika kilowati 5 upepo ukiwa mita 11 kwa sekunde; zaidi ya hapo hugeuza mapanga yake ili upepo wa ziada upite. Nikaachana na kanuni, nikashika jedwali la mtengenezaji linaloonyesha kilowati kwa kila kasi.

Hapo nikakosea tena, na kosa hili lilijificha zaidi. Moroto iko juu, karibu mita 1,400, na hewa yake ni nyepesi: nilipata kilo 1.02 kwa mita ya ujazo, wakati jedwali limeandaliwa kwa 1.225. Nikazidisha kilowati zote kwa 0.83, yaani uwiano wa hizo mbili. Sasa mtambo haukuvuka 4.2 hata upepo uvume namna gani! Kumbe kinachopaswa kurekebishwa ni kasi: unaizidisha kwa 0.94, kipeuo cha tatu cha ule uwiano, ndipo unasoma jedwali. Mtambo bado unafika 5, ila kwenye mita 11.7. Penye baridi karibu na bahari, ambako hewa ni nzito, kosa hilohilo lingepandisha kikomo juu ya kilowati 5.

Jumla ya mwezi ilishuka sana, kwa sababu saa chache za upepo mkali ndizo zilizokuwa zimeibeba. Nilikwenda mwenyewe kumweleza muuguzi.

"Kwa hiyo friji itategemea sola?"

"Ndiyo, Sista. Upepo utajazia betri usiku."