Karatasi za Mpwa Wangu na Ombi la Mkopo wa Chuo Kikuu

Dada yangu alikuja nyumbani kwangu Makorora, mjini Tanga, baada ya sala ya alasiri, amekumbatia kopo la maziwa ya unga ambalo tangu uhai wa mama yetu ndilo linalotunza karatasi za nyumba. Nyuma yake alifuatana na binti yake, mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita na anayetaka kusomea shahada ya uuguzi. Binti aliniamkia, akakaa mkekani, na mama yake akalifungua kopo na kunitolea cheti cha kuzaliwa. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana palikuwa na tundu lililokula herufi mbili za jina la baba.

"Kaka, hiki kitafaa?" aliniuliza.

Nilimwambia kwamba kwa hali ile hakifai, na kwamba afadhali tumelijua jambo hilo mapema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, haikipokei cheti cha kuzaliwa kikiwa hivi hivi. Cheti hupelekwa kwanza RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, kikahakikiwe, na kwa mwombaji aliyezaliwa Zanzibar uhakiki hufanywa na mamlaka ya huko. Cheti kisichosomeka jina la baba hakiwezi kupita katika uhakiki huo, kwa hiyo kesho yake asubuhi dada alikwenda kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuomba nakala mpya.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa cheti cha kifo cha shemeji yangu. Alifariki nyumbani kwao, upande wa Tongoni, miaka sita iliyopita, na tulimzika siku ile ile kama ilivyo desturi yetu. Tulisoma khitma, tukamaliza arobaini, dada akakaa eda mpaka ikaisha, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefuatilia cheti cha kifo. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu naliona katika nyumba nyingi za mji huu: mazishi tunayahudhuria kwa mamia, na karatasi ya marehemu haina mwenyewe. Mtoto anapofika kwenye fomu na kusema kwamba baba yake hayupo duniani, pasipo cheti kilichohakikiwa maneno yake hayana uzito, na uyatima wake hauhesabiwi katika kupima uhitaji wake. Mwaka anaoutaka mkopo ndiyo mwaka ambao mama yake anaanza kumtafuta mwenyekiti wa kijiji, jirani aliyemwosha marehemu na barua yenye muhuri, huku siku za maombi zikipungua.

Ninayajua haya kwa sababu yalinipata. Mwaka niliopaswa kuanza chuo, cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili na cheti cha kidato cha nne kilikuwa na matatu, tena jina la baba liliandikwa kwa irabu ya mwisho upande mmoja na bila irabu hiyo upande mwingine. Sikupata mkopo. Hakuna aliyeniambia kwamba lipo dirisha la rufaa ambapo mwombaji anaweza kuleta vielelezo vilivyopungua, na mimi sikuuliza. Mwaka huo niliumalizia katika shamba la mkonge njia ya Muheza, nikihesabu mizigo ya wakataji, na kila jioni nilikuwa nikiwafikiria wenzangu waliokuwa tayari madarasani.

Kwa hiyo safari hii tulianza na majina. Tulivitandika vyeti vyote juu ya mkeka, na mpwa wangu akayasoma kwa sauti jina moja moja, herufi kwa herufi, huku mimi nikiandika. Nilimsisitizia pia kwamba namba ya mtihani ya kidato cha nne atakayoitumia kuomba mkopo iwe ile ile aliyoitumia kuomba udahili, kwa sababu ndiyo inayoyaunganisha maombi hayo mawili, na aliyerudia mtihani akiwa na namba mbili hujikwaa hapo.

Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni kwa ada ya shilingi 30,000, kisha kurasa zinazohitaji saini huchapishwa, zikapita kwa mdhamini, serikali ya mtaa na kwa mwanasheria, ndipo zikaskaniwe na kupandishwa tena. Sitalieleza kwa urefu, kwa kuwa mwongozo wa bodi hutolewa kila mwaka kwa Kiswahili na kila mwombaji anapaswa kuusoma mwenyewe badala ya kumwachia kijana wa stesheneri. Jambo moja nililomweleza binti ni kwamba mkopo huu ni wa anayesoma kwa muda wote na asiye na ajira, na kwamba ni deni: atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo hakuna msaada usiorudishwa.

Upo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali hutoa Samia Skolashipu kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Matokeo ya mpwa wangu ni mazuri, ila hayakufika huko. Zipo pia taasisi na wakfu za watu binafsi zinazopokea barua za maombi, na kwa mojawapo tuliamua kuandika.

Barua yake ya kwanza ilianza hivi: "Mimi ni yatima nisiye na mbele wala nyuma." Niliisoma yote, nikamrudishia, nikamwambia kwamba sentensi hiyo inaweza kuandikwa na yeyote, hata asiye yatima. Nilimwomba aniambie mama yake anauza nini. Akasema vitumbua, kila asubuhi, Barabara ya 8 pale Ngamiani. Anakaanga mchele kiasi gani? Kilo tatu. Baada ya kutoa mchele, nazi, mafuta na mkaa anabakiwa na shilingi ngapi? Hapo ikabidi amwite mama yake, na dada yangu, ambaye hajawahi kuulizwa hesabu hiyo na mtu, alikaa akakokotoa kwa vidole hadi akafika shilingi 6,500 kwa siku isiyo na mvua. Tukaandika hivyo. Tukaandika kwamba kati ya fedha hizo wanakula watu wanne, na kwamba wadogo zake wawili bado wako shuleni. Tukaandika ada ya mwaka ya kozi aliyoiomba, kiasi ambacho ukoo umekubali kuchanga, na pengo linalobaki, ambalo ndilo hasa analoliombea. Barua ya tatu ilikuwa na ukurasa mmoja tu, na neno yatima lilimo mara moja, likifuatiwa na namba ya cheti.

Cheti cha kifo kilipatikana Alhamisi, na uhakiki wake ulikamilika siku nane baadaye. Fomu tuliituma usiku, mtandao ulipotulia. Mpwa wangu alichapisha karatasi ya uthibitisho, akaisoma majina yote kwa mara nyingine, kisha akampa mama yake, ambaye aliikunja kama kawaida yake, akasita, akaikunjua. Sasa kopo limestaafu. Karatasi zote zimelazwa ndani ya faili la plastiki, juu ya kabati la vyombo, na dada ameanza kumfuatilia mtoto wa mwisho, ambaye yuko darasa la tano na jina lake katika rejista ya shule limepungua herufi moja.