Analetwa nani? Swali la usharika wetu tangu mchungaji ahamishwe

Tangu mchungaji wetu ahamishwe swali ni moja tu. Nikutane na mtu soko la Majengo hapa Dodoma, kwenye daladala, hata msibani tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele, ataniegemea sikioni aniulize eti analetwa nani? Mi sijui jamani. Kuwa mzee wa kanisa hakunipi masikio ya ukuta. Barua ikija itasomwa kwenye matangazo kama barua zingine, na mtaisikia wote siku moja, ukiacha wale wa grupu la WhatsApp ambao wanasikiaga kabla hata haijaandikwa.

Kinachonishangaza ni kwamba maswali mengine hakuna anayeuliza. Nani anawapelekea wagonjwa wa majumbani Meza ya Bwana saivi? Nani anafundisha watoto wa kipaimara Jumamosi? Ukitokea msiba leo, nani anazika? Hayo hayaulizwi kwa sababu yanafanyika, na yakifanyika hakuna anayetaka kujua yamefanywa na nani.

Kwa wasiotujua Walutheri nieleze kidogo. Kwetu KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, usharika hauchagui mchungaji wake. Dayosisi ndo inampanga, inamtoa huku inampeleka kule, na katikati hapo mkuu wa jimbo anahakikisha hamkai yatima. Sisi katupangia mchungaji wa usharika jirani atuangalie, anakuja Jumapili za Meza na kwenye ubatizo na ndoa, zilizobaki tunajitegemea. Walutheri wenzetu wa Marekani, wale wa kanisa linaloitwa ELCA, wana utaratibu tofauti kabisa. Kwao mchungaji akiondoka usharika unaunda kamati, kamati inapokea majina kutoka kwa askofu, inakaa na mtu inamhoji, halafu washarika wenyewe wanapiga kura, na lazima apate theluthi mbili ya kura zilizopigwa ndo aitwe. Katikati hapo anawekwa mchungaji wa muda, na kazi yake sio kuhubiri tu, anawasaidia watu kuagana na yule aliyeondoka na kujiuliza wao ni nani kabla hawajamtafuta mwingine. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Hiyo ya mchungaji wa muda naipenda, kwa kweli naionea wivu. Ila ya kura hapana. Kura hapa Dodoma? Thubutu. Tungekuwa na kampeni, tungekuwa na fulana, na mwisho wa siku tungekuwa na sharika mbili.

Nasema hivo kwa sababu tunajuana. Dodoma kihistoria ni mji wa Waanglikana, wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walishafika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na mpaka leo ukienda kwa Wagogo wengi, Mvumi huko, kanisa la babu na bibi ni Anglikana. Sisi Walutheri wengi tumekuja na mabegi. Kuna wa Marangu na wa Machame, huko Machame wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walianza kazi mwaka 1893, kuna wa Bukoba, kuna wa Njombe na Iringa, kuna Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida ambako kazi ilifanywa na Waagustana, Walutheri kutoka Marekani. Makanisa saba yaliungana tarehe 19 Juni 1963 yakawa kanisa moja, KKKT, lakini kwenye vichwa vya watu yale saba bado yapo, tena yana afya nzuri tu. Afu mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia Dodoma, wizara zikaja, na mimi nikaja nazo, na usharika uliokuwa wa familia chache zinazojuana majina mpaka ya mbuzi ukajaa watumishi wa umma ambao wiki nzima wako Mtumba kwenye mji wa serikali, Jumapili wako kanisani, na tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 hata hiyo Jumapili haina uhakika, Ijumaa jioni mtu keshapanda treni yuko Dar. Mtunza hazina anasema kikapu kinajua ratiba ya treni kuliko yeye.

Kwa hiyo likianza swali la analetwa nani, nyuma yake kuna swali lingine ambalo watu wanaona aibu kulisema wazi, kwamba je ni wa kwetu? Mzee mmoja aliniambia bila kupepesa macho kwamba ni zamu ya watu wa Singida sasa. Zamu! Utadhani ni kusukuma maji kisimani. Mwingine akaja na la kwake, eti "vipi tukiletewa mama?" Nikamwambia baba, KKKT ilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji tangu mwaka 1990, binti yako wa pili alikuwa hajazaliwa, na huyo binti yako saivi ndo anaongoza sifa na wewe unapiga makofi. Tukiletewa mama tutampokea mama. Akacheka akasema sawa mama mzee, lakini niliona hajakubali, ameahirisha tu.

Tuje kwenye makabidhiano, maana hapa ndo nilipojifunza vitu. Kazini kwangu mimi ni mhasibu, hivo baraza likanipa kuandaa orodha ya mali na nyaraka. Nikafika ofisini kwa mchungaji na daftari langu, tukaanza. Rejista ya ubatizo, ipo. Ya kipaimara, ipo. Ya ndoa, ipo, karatasi zimeanza kuachia uzi. Kikombe cha Meza na sahani yake, vipo. Mhuri wa usharika, upo. Jenereta, lipo, halina waya wa kuvutia. Viti vya plastiki, tukahesabu mpaka vilivyoazimwa msibani havikurudi, tukajua vilipo na tukajua hatutavidai. Hati ya kiwanja, ipo kwenye faili la bluu. Tukasaini. Mchungaji akafunga kalamu, mi nikafunga daftari, nikajiona nimemaliza kazi.

Tumetoka pale mlangoni ndo akaanza kusema, yaani kama mtu anayekumbuka kuzima jiko. Kwamba kuna bibi yuko Msalato hawezi kutoka kitandani, usimpelekee Meza asubuhi, asubuhi anapewa dawa na analala, nenda alasiri. Kwamba yule kijana anayefagia kanisa ada yake ya VETA ilikuwa inatoka mfukoni kwa mchungaji na imebaki awamu ya mwisho. Kwamba jirani wa upande wa mashariki walikubaliana kwa mdomo kuhusu ule mpaka, hakuna karatasi, na jirani mwenyewe keshazeeka. Kwamba fulani na fulani, wanandoa, msiwapange kamati moja kwa sasa. Kwamba divai ya Meza anaichukua kwa baba mmoja mwenye shamba la zabibu, anaweka pembeni, haitangazi. Hapo nikasimama nikafungua daftari tena nikaandikia kiganjani huku nimesimama kwenye lile jua, na bado najua kuna vitu kaondoka navyo.

Hii ya divai ilitaka kutuaibisha. Jumapili ya Meza ya kwanza tukiwa na mchungaji jirani, mama wa altare anafungua kabati, chupa imebaki kidogo chini. Mji huu ndo mji wa zabibu Tanzania nzima, watu wanavuna mara mbili kwa mwaka, halafu Walutheri tunahangaika divai ya ushirika saa moja asubuhi! Baba wa zabibu alipigiwa simu akaja na bodaboda, chupa kaifunga kwenye kitenge cha mke wake. Hata hakukasirika, alishangaa tu kwamba hakuna mtu aliyekuwa anajua.

Ndo maana nasema kinachotuangusha sio pengo la mchungaji, ni kwamba mambo ya usharika mzima tulikuwa tumeyahifadhi ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na tukiletewa mwingine tutayahamishia kwenye kichwa chake tuendelee kulala. Nimependekeza kwenye baraza tuwe na daftari la huduma, tofauti na la mali. Nani ni mgonjwa, anatembelewa lini, nani ana maagano gani na nani. Yale ya siri za watu yabaki kwa mchungaji, hayo hayaandikwi, ila hili la bibi wa Msalato sio siri, ni ratiba. Baraza limepokea. Mnajua maana ya baraza kupokea.

Sasa mwinjilisti. Huyu sitamtaja jina kwa sababu atakasirika, lakini wa kwetu wanamjua. Anashika mtaa wetu, yaani tawi la usharika, wa huko nje, vijijini, na tangu mchungaji aondoke anashika na hapa mjini. Ana pikipiki ambayo ukiisikia inakuja unafikiri ni mashine ya kusaga. Masika haya korongo lilipojaa alikaa upande wa pili mpaka maji yakapungua, akavuka na suruali kaikunja magotini na Biblia kaiweka ndani ya kofia ya pikipiki, akaja akazika, akarudi. Akina bibi wa kule mtaani wakimuona kwa mbali "mbukwenyi" zinaanza kabla hajazima injini, na yeye anawajibu Kigogo kilichonyooka, wakati sisi wa wizarani hata salamu ya pili hatuijui.

Mwinjilisti anahubiri, anafundisha, anazika, anasuluhisha. Asichoruhusiwa ni kubariki Meza. Hilo lina sababu yake, Ungamo la Augsburg, ungamo la imani la sisi Walutheri la mwaka 1530, fungu la 14, linasema asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala asitoe sakramenti, na mimi silipingi, kanisa bila utaratibu tunaliona tu huko mitaani spika zinavyolia. Ubatizo wa dharura ni kitu kingine, mtoto akiwa hatarini Mkristo yeyote anaweza kubatiza, na kipindi hiki ilitokea hospitalini usiku, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alimbatiza mjukuu wake kwa maji ya kwenye kikombe cha dawa. Mtoto kapona, mnene huyo, na ubatizo wake umeingizwa kwenye rejista vizuri tu. Ila narudi kwa mwinjilisti. Watu wetu wamechukua hilo la sakramenti wakalifanya kuwa cheo, kwamba kwa kuwa habariki Meza basi hata maamuzi yake madogo yasubiri "mchungaji akija". Kwaya ya vijana walimuomba ruhusa ya kwenda Kongwa kwenye uimbaji, akawaruhusu, mzee mmoja akasimama akasema hana mamlaka hayo. Afu mzee huyohuyo mkewe alipougua alimpigia nani saa saba usiku? Sijibu.

Posho yake mnaijua, na kama hamjui muulizeni mtunza hazina mkae chini kwanza. Mafuta ya pikipiki anajaza mwenyewe. Nimeleta hoja kwamba kwa miezi hii tusiyolipa baadhi ya gharama za nyumba ya mchungaji, umeme na maji na vingine, tuhamishie fungu hilo kwenye mafuta ya mwinjilisti. Nilijibiwa kwamba bajeti ilipitishwa na mkutano mkuu na kifungu hakiruhusu. Mimi naishi kwa vifungu, kazi yangu ndo hiyo, na najua kifungu kinachokataa na mtu anayekataa akajificha nyuma ya kifungu. Hoja inarudi kikao kijacho.

Na hii "mchungaji akija" imekuwa ugonjwa. Bati la ukumbi, mchungaji akija. Kubadilisha muda wa ibada ya kwanza, mchungaji akija. Mwalimu wa Sunday school kahamia Singida, nafasi yake ipo wazi, watoto wanachora tu, mchungaji akija. Huyo mtu atashuka kwenye gari na mke na watoto na magodoro, hajajua hata choo kiko wapi, anakutana na foleni ya maamuzi ambayo tungeweza kuyafanya wenyewe tukiwa tumekaa chini ya mwarobaini. Afu tutamsema. Tutasema yule wa zamani alikuwa hivi, alikuwa anatembelea watu, sauti yake ilikuwa inajaza kanisa. Kwenye kuaga tulisoma 1 Wakorintho 3, Paulo alipanda, Apolo akatia maji, nadhani hakuna mchungaji aliyewahi kuhamishwa nchi hii bila kusomewa huo mstari, lakini wiki mbili mbele watu walewale wameanza kusema wao ni wa Apolo.

Mimi nilimpenda yule mchungaji. Alimzika mama yangu, na hakuharakisha. Nitamkumbuka, na akipita Dodoma nitampikia. Lakini simu za kumuuliza mambo ya usharika nimeacha kumpigia, na nawaomba na nyie muache, ana watu wake saivi huko alipo.

Basi kwa wale wa jumuiya yetu, usafi wa nyumba ya mchungaji ni Jumamosi hii saa mbili, tusisubiri barua. Upepo umeleta vumbi mpaka ndani ya makabati. Njooni na ndoo zenye maji kabisa maana bomba la pale linatoa hewa tu, na mwenye ngazi ndefu anisalimie inbox, kuna popo kwenye dari ya chumba cha watoto na fundi kasema hapandi bila ngazi.