Fremu ya meko niliyoimwaga mara mbili

Fremu ya kwanza, ile ya zege inayozunguka mdomo wa meko ya sebuleni, ilipasuka siku ya kumi na moja. Siku naijua kwa sababu nilikuwa nahesabu. Kila nikirudi kazini napitia sebuleni, naligonga zege kwa kifundo cha kidole, linalia kama jiwe. Nikajiambia basi, limekauka. Nikapanga kuni, nikawasha moto wa nguvu. Haikupita saa mbili nikaona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kona ya ndani, umepanda mshazari hadi kwenye rafu.

Fundi niliyemwita hakucheka, ingawa alikuwa na haki. "Kaka, zege halikauki, linaiva." Saruji inakula maji ndipo inageuka jiwe, na kazi hiyo inakwenda polepole, ndiyo maana wajenzi huhesabu siku 28. Mimi niliacha kumwagilia siku ya tatu, halafu nikaliletea moto. Uso ukakauka upesi ukajivuta, tumbo bado bichi, kona ikaachia.

Umbo nalo lilichangia. Niliimwaga fremu nzima kipande kimoja, miguu na kichwa pamoja, unene sentimita 10. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2,400, kwa hiyo changu kilikaribia kilo 220. Nilitaka meko ionekane nzito. Basi ilikuwa nzito, waulizeni wale wanne walioinyanyua. Siku hizi nikiona picha ya fremu kubwa ya zege isiyo na kiungo hata kimoja, macho yanakimbilia kwenye kona kutafuta ufa.

Ya pili niliigawa mara tatu: miguu miwili na kichwa, unene sentimita 2 tu, bila nondo, bila kokoto. Ndani yake kuna nyuzi fupi za kioo, na si kioo chochote. Kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji, kwa hiyo hutumika kile kilichotengenezwa kuuhimili. Kati ya vipande niliacha upenyo wa milimita 5, na kati ya fremu na tofali za moto, zile zinazostahimili joto kali, milimita 10, ili kila kimoja kikipata joto kitanuke kivyake. Ndani kabisa, penye miali, ni tofali za moto peke yake. Zege la kawaida likipita nyuzi joto 300 za Selsiasi nguvu zinaanza kupungua, kwa hiyo kazi yake hapa ni pambo.

Ila kazi yenyewe iko kwenye fomu, yaani kalibu unayomwagia zege. Unamwaga uso ukiwa chini, kama mtu anayelala kifudifudi, na zege linanakili kila kitu linachokilalia. Nilitumia mbao zenye uso wa plastiki unaoteleza. Kipande kidogo cha utepe nilichosahau kimeacha alama yenye mikunjo yake yote. Pia kumbuka kushoto kunageuka kulia. Mimi mtaro wa rafu niliuchonga upande usio wake, nikaugundua mchanganyiko ukiwa tayari kwenye ndoo. Nikaacha hivyo hivyo.

Rangi sikuhangaika sana. Saruji nyeupe, chembe za oksidi nyeusi ya chuma, nikapata kijivu cha mawingu. Viputo vya hewa navyo vilitokea, vidogo kama punje za mtama. Fundi alitaka kuviziba. Nilikataa, maana zege lisilo na kitundu hata kimoja linafanana na plastiki.

Safari hii nilifunika kwa nailoni na magunia mabichi siku saba, kisha nikaliacha. Siku ya 30 nikapaka dawa ya kuzuia madoa, ile inayozama ndani badala ya kuacha ngozi inayong'aa juu. Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti vitatu, nikauacha uzime wenyewe. Kesho yake vijiti vitano. Niliweka kiganja kwenye kichwa cha fremu muda wote, kama anayepima homa ya mtoto.

Kwenye kona ya chini kushoto kuna alama ya dole gumba langu, niliyoiacha nikilainisha silikoni, ile gundi ya kuziba viungo, ndani ya fomu. Mistari yote inasomeka. Mke wangu aliniuliza nitaipiga msasa lini. Msasa ninao.