Waraka Uliokunjuliwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la wiki hii ni 2 Wafalme 19:14. Naomba mlisome wenyewe kabla hamjaendelea, ni mstari mmoja tu. Hezekia, mfalme wa Yuda, ameletewa waraka na wajumbe wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Waraka umejaa vitisho. Anaupokea, anausoma, anapanda nyumbani kwa Bwana na kuukunjua mbele zake.

Nimeupita mstari huu tangu ujana wangu bila kusimama. Mwaka huu nimesimama, kwa sababu na mimi nililetewa waraka.

Wangu ulikuwa karatasi ya maabara. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo, na siku za mwisho mkojo ukawa unachoma. Nikapanda baiskeli kutoka Mikindani hadi hospitali mjini Mtwara, kilomita kama kumi, nikatolewa damu ya kipimo cha PSA, kile ambacho mitaani tunakiita kipimo cha tezi dume. Majibu nilikabidhiwa mkononi, nikaambiwa daktari anayehusika nitamwona baada ya wiki mbili. Nikasimama chini ya mwembe nikasoma. Namba yangu ilikuwa 9.2. Pembeni waliandika kiwango cha kawaida, kuanzia 0 hadi 4. Na mbele ya ile 9.2 kulikuwa na herufi H peke yake, imekolezwa wino kuliko kitu kingine chochote kwenye ile karatasi.

Sikuhitaji kuambiwa maana yake: "high", yaani iko juu. Niliikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati.

Ilikaa mfukoni siku kumi na moja. Nikibadili shati, naihamisha. Ikalainika kwa jasho, mikunjo ikaanza kuchanika. Mchana niliweza kujisahaulisha, maana ndio wakati wa kupulizia salfa, mikorosho inatoa maua na mtu huna nafasi ya kukaa. Lakini usiku! Nikilala chali ndani ya chandarua, mke wangu amelala pembeni yangu, nilikuwa tayari niko Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Nilishasafiri, nilishalazwa, nilishauza mikorosho yote kulipia matibabu, nilishagawa kiwanja kwa watoto. Yote hayo kabla ya adhana ya alfajiri. Nikisikia adhana nasema afadhali, kumekucha.

Na kilichonitesa zaidi si ile namba. Ni kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Nimewasomea wagonjwa Wafilipi 4 mara ngapi sijui, ile ya kutojisumbua kwa neno lolote, na sasa mwenyewe najisumbua kwa herufi moja. Nikaona imani yangu ilikuwa ya maneno. Nikaomba kwa maneno ya juu juu, "Bwana, uwakumbuke wagonjwa wote", kana kwamba simo. Kuna mtu anasoma hapa ambaye anaomba hivyo hivyo wiki hii. Ndugu yangu, dada yangu, nakuandikia wewe hasa.

Usiku wa kumi na moja niliwasha tochi ya simu nikafungua Biblia nilipoishia, nikafika kwa Hezekia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliusoma waraka. Hakuutupa jikoni uungue, hakusema "nakataa kwa jina la Bwana" akageuka upande. Aliusoma, akajua kilichoandikwa. Cha pili, kabla hata ya waraka huo, vitisho vilipoanza, alishatuma watu kwa nabii Isaya wakamweleze na kuomba maombi. Mfalme mzima alisema wazi mbele ya watu kwamba amebanwa. Na cha tatu ndicho kilichonitoa machozi: hakuanza kumhutubia Mungu kuhusu waraka. Aliukunjua kwanza. Aliutandaza pale chini, Mungu auone jinsi ulivyo, ndipo akasali.

Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Aliwaambia watu. Sasa mimi ni nani nijifanye jiwe?

Basi nikatoa ile karatasi nikaitandaza juu ya kitanda, nikainyoosha kwa kiganja. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema tu, "Baba, hii hapa. Naogopa."

Mke wangu alikuwa macho.

Akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. "Baba watoto, hii H ndiyo nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Siku zote hizi hulali, peke yako, na mimi nipo hapa?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Tukasali wote wawili, safari hii kwa jina langu na kwa namba yangu. Nikalala mpaka jua likachomoza. Namba ilikuwa ile ile 9.2.

Siku ya daktari tulienda pamoja kwa daladala. Nataka niyaandike aliyotueleza, kwa sababu nilipoteza usingizi mwingi kwa kutoyajua.

Alisema PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, hata ya mtu mzima wa afya, na kidogo huingia kwenye damu. Inapanda kwa saratani, ni kweli, hakutuficha. Lakini inapanda pia tezi inapokua kwa sababu ya umri, inapovimba, na ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Akaniuliza, "Mzee wangu, siku ile ulikuja na usafiri gani?" Nikasema baiskeli. Akatikisa kichwa. Kuendesha baiskeli kunaweza kuipandisha kidogo, na kukutana na mwenzi wako ndani ya siku mbili kabla ya kipimo vilevile. Nayaandika haya bila haya, wababa wenzangu, kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla.

Nilichokishika zaidi ni kwamba vipimo vya namna hii, vinavyoitwa viashiria vya saratani, havitoi hukumu vikiwa peke yake. Kina mama wana CA 125, kiashiria cha saratani ya ovari, ambayo kawaida inatakiwa iwe chini ya 35, nayo inaweza kupanda kwa faibroidi, kwa ujauzito, hata kwa hedhi tu. AFP, kiashiria cha saratani ya ini, inaweza kupanda kwa homa ya ini. CEA, kiashiria cha saratani ya utumbo mpana, inaweza kuwa juu kwa wavutaji sigara. Na upande mwingine, namba ikiwa nzuri si kibali cha kupuuza dalili. Daktari anaangalia mwenendo, namba ya leo na ya baadaye, ikiwezekana kutoka maabara ile ile, pamoja na ultrasound na dalili zako. Kinachothibitisha saratani ya tezi dume kwa kawaida ni kinyama kinachochukuliwa na kuangaliwa kwa hadubini.

Nilimwelewa vizuri nilipokumbuka ghala letu la ushirika. Gunia la korosho ukilipima kwa mzani, uzito utaupata. Lakini mnunuzi hanunui kwa uzito tu. Inachukuliwa sampo, korosho zinakatwa katikati, kiini kinaangaliwa, kizuri huku na kilichooza kule. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mzani nalia kwamba gunia lote limeoza, na hakuna aliyekata hata korosho moja.

Nilipimwa mkojo, wakaona maambukizi. Nikapewa dawa, nikaambiwa nisubiri wiki sita ndipo nirudie PSA. Stendi kuna watu wanauza chupa za dawa ya tezi dume, na mmoja alinishika mkono akanihakikishia siku saba. Nilimshukuru nikapita. Someni tena habari za Hezekia sura inayofuata, ya 20. Aliugua karibu na kufa, akageuza uso ukutani, akaomba akilia. Mungu akamwongezea miaka 15. Na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalijibiwa, na jipu likatibiwa. Mfalme hakuona kwamba kuwekewa tini ni kumtilia Mungu shaka.

Kipimo cha pili kilitoka 5.6. Imeshuka, lakini haijafika 4, na ile H bado ipo. Ultrasound imeonyesha tezi imekua. Daktari amesema tutarudia tena baada ya miezi mitatu, na kama itapanda atanipa rufaa kwenda Dar kwa picha na kinyama. Kwa hiyo siwaandikii nikiwa nimepona, wala nikiwa nimeambiwa naumwa. Nawaandikia nikiwa katikati. Hofu huja bado, hasa saa tisa za usiku. Ikija sasa namwamsha mama watoto, na yeye hakasiriki, anasema tu "haya, tuisome", tunaisoma na kuomba.

Jirani yangu Mwislamu, ambaye nilimweleza juzi tukiwa shambani, alinishika bega akasema, "Mzee, kila swala utakuwa kwenye dua zangu." Nimepokea.

Kipimo cha tatu ni Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Naomba mniombee, na mwenye waraka wake mfukoni asione aibu, aniletee tuombe pamoja, iwe jumuiyani au nyumbani kwangu jioni yoyote. Zile karatasi mbili mke wangu amezihifadhi ndani ya Biblia, 2 Wafalme 19, zimenyooshwa, hazijakunjwa. Baiskeli nitaiegesha kuanzia Jumatatu.