Itaenda wapi?

Jana jioni wingu lilifunika jua, bati likaanza: ta! ta-ta! Binti yangu akaacha wali, akatazama juu.

"Baba, nani anatembea huko?"

Nikamwambia bati linapoa, linajikunja. "Kwani lilikuwa limejinyoosha?" Basi nikakumbuka tanuri la mama wa mikate wa Mtoni.

Tulilitengeneza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa yule mzee fundi mwenye grenda moja na redio mbili. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi, nina kompyuta yenye programu ya simulesheni inayokokotoa usiku kucha, na umeme ukikatika naanza upya. Sehemu iliyoninyima usingizi ni pleti ya juu ya moto, mita 1.2 kila upande, itakayopanda kutoka nyuzi 30 hadi 230. Nikaigawa vipande vidogo vidogo kwenye kompyuta, nikaiambia programu kingo zote nne zisisogee. Ikaja nyekundu tupu. Mkazo, yaani nguvu inayobana chuma kwa ndani, ulipita megapaskali 600, wakati chuma cha kawaida kwenye 250 hivi kinaanza kupinda bila kurudi.

Nikaongeza unene kutoka milimita 3 hadi 6. Nyekundu ileile. Nikapunguza vipande viwe vidogo zaidi, namba haikutikisika. Mwenye akili angejiuliza mbona unene mara mbili hausaidii kitu. Mimi nikaamua programu inatia chumvi, nikanunua ya milimita 6, tena kwa hela ya mteja.

Siku ya kuchomelea, mzee alishika pleti kwa viganja viwili, hakuilaza.

"Injinia, hii ikipata moto itaenda wapi?"

"Haiendi popote, mzee wangu. Tunaichomelea pande zote."

"Ndiyo maana nauliza."

Akachomelea kama nilivyotaka. Tukawasha kuni saa nne asubuhi. Mama mwenye tanuri alikuja na kanga mpya na ndoo ya unga uliokwisha kukandwa. Mwanzo kimya. Kisha ikasikika sauti nyembamba, kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko. Mzee akazima redio moja, halafu ya pili. Nikainama kuchungulia, na hapo hapo: PAA! Mama akaangusha ndoo. Pleti ilikuwa imetuna katikati kama chapati inayopokea mvuke, na kwenye kona ya kushoto ule mstari wa kuchomelea ulikuwa umefunguka, moto unachungulia. Kijana wa karakana alicheka, akakonyezwa, akanyamaza. Mzee hakusema neno. Alitafuta bisibisi.

Chuma hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Fanya hesabu: karibu milimita 3. Mzee alikata kingo kwa grenda, akaleta pleti nyingine (nililipa mimi), akatoboa matundu marefu, akaacha bolti zisikazwe sana. Upenyo pembeni aliupima kwa ncha ya bisibisi ileile. Mikate ikatoka wiki hiyo.

Usiku nilifungua tena kompyuta, nikaachia kingo tatu. Rangi ya buluu, yaani mkazo mdogo, karibu pleti nzima. Kumbe ile nyekundu ilikuwa inaniuliza swali la mzee, neno kwa neno.

Mpaka leo sijamwambia kwamba kompyuta ilikuwa upande wake. Binti yangu naye bado anasubiri jibu, na bati limeshanyamaza.