Nilifuta mitandao yote, hofu ikabaki palepale

Naandika haya nikiwa bado na hasira kidogo. Kwa miaka mitatu, kila niliyemweleza shida yangu, kuogopa watu na kuzama mtandaoni, alinijibu neno moja: "Futa." Futa programu, zima simu, toka nje uonane na watu. Walinitakia mema, najua, ila wote walishika mkia wa jambo wakaacha kichwa. Simu haikunifundisha kuogopa watu. Niliwaogopa kabla sijamiliki simu, tangu nikiwa mtoto anayelijua jibu darasani na kulimeza, kwa sababu kusimama kulijibu kulimaanisha macho ya darasa zima.

Nitoe mfano mmoja tu. "Habari dada, kikao bado ni saa nne?" Maneno saba, kwa mwenzangu wa kazini. Niliandika, nikaondoa "dada" nikihofia ataona nimemzoea mno, nikairudisha nikihofia ataona nina kiburi, nikaongeza "samahani kwa usumbufu", nikaifuta. Dakika 25 zikapita. Nilipotuma, nikalaza simu kifudifudi, kisha nikawa naigeuza kila mara kutazama tiki. WhatsApp ilipoleta tiki za bluu Novemba 2014 wengi walilalamika, baadaye wakazoea. Mimi sikuzizoea. Kwangu zilikuwa hukumu: amesoma, hajajibu, basi nimemkera. Ili nitulie nikaingia Instagram, na saa mbili baadaye nilikuwa bado humo, natazama picha za watu nisiowajua na kujiona sifai. Kumbe yule dada alisoma, akawasha gari, akaondoka zake. Kikao kilikuwa bado ni saa nne.

Basi nikafuata ushauri. Nilifuta kila kitu, nikajiwekea siku 30. Wiki ya kwanza nilisifiwa sana, nami nikajisikia mshindi. Wiki ya pili tukawa na hafla ya kumuaga mwenzetu. Hapo ndipo nilipoelewa simu ilikuwa inanifanyia kazi gani. Zamani nikiingia ukumbini naitoa, nainamisha kichwa, naonekana mtu mwenye shughuli. Siku ile mikono haikuwa na pa kwenda. Niliiweka mfukoni, nikaikunja kifuani, nikashika kiti. Bosi mmoja akanisogelea akaniuliza naendeleaje, nikajibu "Ndiyo." Nilikwenda chooni, nikajifungia, nikasimama nyuma ya mlango ule kama dakika 20 nikisikiliza watu wakicheka, kisha nikapita mlango wa nyuma. Usiku kucha niliirudia ile "Ndiyo" kichwani. Siku ya 19 nikarudisha programu zote kwa mkupuo na kuperuzi hadi saa kumi alfajiri. Nikawa nimeongeza kosa juu ya hofu: sasa najiona pia mtu asiye na nidhamu.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa namna yangu "futa tu", jua unamnyang'anya fimbo kabla hujautazama mguu.

Nilikwenda kwa mwanasaikolojia, vikao kama kumi na viwili hivi. Gharama ilinibana, niliahirisha mambo mengine. Kilichonishangaza ni kwamba hakuniuliza natumia saa ngapi mtandaoni. Aliniuliza: "Sekunde chache kabla ya kuishika simu, kunakuwa na nini?" Baadaye niligundua kwamba hata kipimo cha uraibu wa Facebook kilichotungwa Bergen, Norwei, na kuchapishwa mwaka 2012, hakihesabu saa. Kinauliza mambo kama vile: unatumia ili kusahau matatizo yako? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Nilipoyasoma maswali hayo nilinyamaza.

Nikanunua daftari dogo. Wiki nzima, kila niliposhika simu, niliandika kilichotangulia. Mtu ameingia kwenye lifti. Kimya mezani. Natakiwa kupiga simu ofisi fulani. Nimetoka kuongea na jirani na nahisi nimesema upuuzi. Zaidi ya nusu ya daftari lilikuwa watu, au wazo la watu.

Mwanasaikolojia akanieleza kwamba hizo ni tabia za kujikinga. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walizieleza mwaka 1995: mwenye hofu ya kijamii, yaani anayeogopa watu na macho yao, hujificha nyuma ya kitu, jambo analoliogopa halitokei, naye anaamini ni kile kitu kilichomwokoa. Hapati nafasi ya kugundua kwamba lisingetokea hata hivyo. Simu ni kificho kizuri kuliko vyote, maana ndani yake unapewa muda wa kusahihisha, na hakuna anayeuona uso wako ukitoka jasho. Ukishaonja usalama huo, ana kwa ana inazidi kutisha. Unarudi mtandaoni. Nilikuwa nazunguka hivyo miaka yote.

Kitu kingine kilichonigusa ni jaribio la Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambalo mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walilichapisha mwaka 2000. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya kumtia haya, akaingizwa penye wenzake. Alidhani karibu nusu yao wameitambua. Waliotambua ni kama robo.

Niliwahi kuzima tiki za bluu, wengi hushauri hivyo. Ukizizima wewe, huoni pia za wenzako, na mimi akili yangu ilijaza pengo hilo kwa mabaya matupu. Niliambiwa niziwashe. Niliziwasha huku natetemeka. Usizime kitu kwa sababu tu kinakuuma. Jiulize kwanza kama unapumzika au unajificha.

Lakini zoezi ninalojivunia ni hili. Nilitakiwa kukosea kwa makusudi mbele ya watu, na kabla ya hapo niandike utabiri. Tuna kundi la kazini lenye watu 40. Niliandika: "Nitakjua na ripoti kesho." Nitakjua. Kwenye daftari nikatabiri kwamba angalau watano watanirekebisha, na mmoja ataweka kicheko. Nikatuma. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na dakika hizo nilikaa nimekalia viganja vyangu. Moyo ulipiga hadi nikausikia masikioni. Dakika ya nne mtu mmoja akajibu, "Sawa." Basi. Hakuna mwingine. Nilibaki nalitazama lile "Sawa" na machozi yakanitoka, kwa sababu nilihesabu miaka niliyoipoteza nikijikinga na "Sawa".

Baada ya hapo mengine yalikwenda polepole. Ujumbe wa sauti narekodi mara moja, natuma bila kuusikiliza. Jambo la dakika mbili napiga simu. Kwenye foleni simu inakaa ndani ya begi lenye zipu, na kazi ya kufungua zipu hunipa nafasi ya kujiuliza naitafuta kwa nini. Instagram ninayo, naingia jioni, na sikujiwekea kikomo cha dakika. Hofu ilipopungua, ule muda ulipungua wenyewe. Kama hofu yako imekushika miezi 6 na zaidi na inakuzuia kazi au masomo, tafadhali tafuta mtaalamu, usisubiri miaka mitatu kama mimi.

Juzi mtu mmoja kundini alitaka kuhakikisha tarehe ya ile ripoti. Akautafuta ujumbe wangu wa zamani, akaunukuu mbele ya wote 40, "Nitakjua" ikiwa palepale, akauliza kama ndiyo hiyo. Nikamjibu, "Ndiyo kaka, ndiyo hiyo," nikarudi kwenye mazungumzo niliyokuwa nayo na mtu aliyekaa mbele yangu.